Mama Deki, anayezisemesha diski zilizoitwa tupu

Jua halijafika dirishani, na Mama Deki tayari amelaza sikio juu ya kisanduku cha chuma kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Ndani ya kisanduku diski inazunguka. Inaanza taratibu, inashika kasi, inakoroma, inakohoa mara mbili, kisha kimya.

"Mshenzi wewe," anakiambia kisanduku, kwa upole kabisa. "Jana ulisoma diski ya kwaya bila kinyongo, leo unanifanyia vituko mbele ya wageni?"

Wageni wenyewe wako wawili, wameketi kwenye benchi lililobanwa kati ya mlango na kabati. Mmoja ni mzee aliyevaa skafu shingoni, suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Wa pili ni mkewe, mkoba mapajani, macho yakiwa hayabanduki kwenye kile kisanduku. Mzee anaandika kitu kwenye simu yake, anaigeuza ili Mama Deki asome. Herufi ni kubwa kama za bango: AMEKUFA AU AMESUSA?

"Amesusa," anajibu Mama Deki. "Aliyekufa hakohoi."

Hapa ni ghorofani, juu ya duka la fotokopi. Mashine kubwa ya chini ikianza kazi, sakafu inatetemeka na vikombe kwenye sinia vinagongana. Chumba hakitoshi watu watano walionenepa. Meza ni moja, kiti ni kimoja, na rafu zilizojaa deki zimepanda mpaka darini.

Deki, kwa asiyekumbuka, ni kile kisanduku cha kompyuta kinachotoa ulimi, kikapewa CD au DVD, kikaimeza. Zamani kila kompyuta ilikuwa nacho. Siku hizi kompyuta zimekonda, hazina tena mahali pa kukiweka, na watu wamezitupa deki zao pamoja na betri mbovu na viatu vilivyoisha soli. Mama Deki ndiye anayeziokota.

Kila moja ina jina. Kiziwi amepewa jina hilo kwa kuwa husoma diski zenye mikwaruzo bila kujali kelele zake. Bi Harusi hafunguki mpaka abembelezwe. Mkubwa wao ni Mbishi, uso umegeuka rangi ya chai, ambaye haijawahi kutokea akakubali kwamba diski imemshinda. Inasimuliwa mtaani kwamba Mbishi aliwahi kusoma diski iliyokanyagwa na lori.

Mama Deki anakanusha. "Halikuwa lori," anasema. "Lilikuwa trekta."

Mwanamke huyu wa makamo hakuisomea kazi hii. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ambayo siku ilipofungwa, mabosi waligawana magari, makarani wakagawana viti, naye akaachiwa kompyuta mbovu iliyokuwa ikishikilia mlango usijifunge. Akaenda nayo nyumbani. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, mpaka mumewe akamuuliza ameolewa na nani kati yao wawili.

"Nikamwambia, wewe una skrubu nne tu na zote zimelegea," anakumbuka huku akicheka. "Tangu siku hiyo hajaniuliza tena."

Wateja wake ni watu wenye harusi, mahafali, mahubiri na sauti za marehemu zilizokwama kwenye diski. Siku nzuri wanapanda ngazi watano au sita. Siku mbaya hapandi mtu, isipokuwa anayetafuta choo cha duka la fotokopi. Kati ya kazi kumi anazopokea, anasema, tisa anazimaliza, na ile ya kumi huwa bado anaifikiria.

Mzee mwenye skafu ndiye ile ya kumi.

Mtaani anajulikana kama Emsii, na hakuna anayekumbuka jina jingine. Kwa miaka mingi hapakuwa na sherehe iliyoanza bila koo lake. Waliomsikia wanaapa kwamba alikuwa akisema "Mabibi na mabwana" mara moja tu, ukumbi mzima unanyamaza, wapishi na jenereta pamoja. Siku moja, eti, alilisema kwa nguvu mno, hata harusi ya ukumbi wa jirani ikasimama wima.

Kisha koo likaugua. Madaktari walimpasua na kumponya, ila sauti ilibaki huko huko hospitali. Sasa anachoweza kutoa ni pumzi yenye umbo la maneno, na mkewe pekee ndiye anayeielewa.

Jumamosi hii kitinda mimba wao anaolewa. Sherehe za watoto wote waliotangulia alizifungua baba mwenyewe, na huyu wa mwisho aliahidiwa tangu akiwa mdogo kwamba na yeye zamu yake itafika. Imefika, na baba hana sauti.

"Bibi harusi amesema hataki mshereheshaji mwingine amfungulie," anaeleza mkewe Emsii. "Anasema, bora tukae kimya tule tuondoke. Sasa jamani, harusi ya kimya ni harusi au ni foleni ya benki?"

Ndipo wakaikumbuka DVD. Ni ya harusi ya mtoto wao wa kwanza, na ndiyo pekee iliyosalia katika nyumba yao yenye sauti ya Emsii ndani yake. Mpango ni rahisi: sauti ipatikane, ukumbini ipigwe kwenye spika, Emsii asimame mbele na kipaza sauti mkononi, harusi ifunguliwe na mwenyewe. Tatizo ni moja. Kila kompyuta inayopewa diski ile inasema ni tupu.

"Mafundi watatu wameniambia nitupe," anasema mama huyo. "Mmoja akaniuliza, mama, nikuwekee nyimbo humu? Nikamwambia, ziweke kwenye kichwa chako, ndiko kuliko na nafasi."

Mama Deki alipoipokea Jumatatu, aliigeuza kwenye mwanga na kuitazama upande wa chini. Akaona mviringo wa rangi iliyokolea, kuanzia katikati hadi karibu na ukingo. Diski tupu haina mviringo huo. Akawaambia palepale, bila kupepesa: "Humu mna watu. Sauti mtaipata kabla ya Jumamosi." Mkewe Emsii aliposikia hivyo alikaa chini kwenye benchi na kulia kidogo, kisha akamuuliza kama anaweza kupata maji.

Leo ni Alhamisi.

Kilichoipata diski ile, Mama Deki anakieleza kwa raha ya mtu anayesimulia skandali ya majirani. Mpiga picha wa siku hiyo alirekodi moja kwa moja kwenye DVD. Mashine za namna hiyo, ukimaliza lazima uziamuru zifunge diski. Katika kufunga ndipo zinapoandika pale mwanzoni kwamba humu mna kitu hiki, kinaanzia hapa na kinaishia pale.

"Huyo bwana aliona watu wanaelekea kwenye chakula," anasema. "Akachomoa waya, akakimbilia sahani. Diski haikufungwa. Sasa kompyuta inafika mlangoni, haioni kibao chenye jina, inasema hapa haishi mtu. Na ndani watu wanacheza!"

Kwa nini basi kompyuta isiingie tu ndani? Hapa Mama Deki anavuta kiti, kwa kuwa ndipo penye utaalamu wake.

Programu ya kompyuta, anafafanua, haigusi deki hata siku moja. Ukitaka kutazama picha iliyo kwenye diski, programu inaomba kwa mfumo mkuu wa kompyuta. Mfumo unaipa kazi draiva, ambayo ni programu ndogo inayojua lugha ya deki. Draiva inaiambia deki soma, deki inasoma, na jibu linarudi kwa njia ileile.

"Ni utaratibu mzuri, una adabu," anasema. "Ila una udhaifu. Mfumo ukishaamini kwamba diski ni tupu, ombi lako haliendi popote. Unajibiwa hapohapo mapokezi: hakuna kitu, nenda nyumbani."

Njia yake yeye ni nyingine. Mifumo ya kompyuta huacha uchochoro wa kupitisha amri moja kwa moja. Programu inaandika amri kwa lugha ya deki yenyewe, inaifunga kama barua, na draiva inaifikisha bila kuifungua wala kutoa maoni. Kwa uchochoro huo Mama Deki haombi picha wala wimbo. Anaiambia deki: sogeza jicho lako mpaka sehemu fulani ya diski, punguza kasi, niletee chochote unachokiona hapo, kiwe kizima kiwe nusu.

"Hapo mapokezi hawaulizwi," anasema. "Ni mimi na Mbishi, uso kwa uso."

Kwa kompyuta yake ya zamani kazi hii alikuwa akiifanya huku anamenya chungwa. Lakini kompyuta hiyo ilitoa moshi mwezi uliopita na haikuzinduka. Bintiye, anayetunza kompyuta za ofisi ya bima, akamletea mpya, nyembamba kama daftari. Kwa kuwa haina pa kuchomeka deki, akamnunulia pia kijisanduku cha plastiki: deki inaingia huku, waya wa USB unatokea kule.

Kwa diski za kawaida mambo yalikwenda vizuri, kwaya ikasomeka, mahafali yakasomeka. Lakini kwa DVD ya Emsii, kila amri inayopita kwenye uchochoro inarudi na jibu moja: amri haifahamiki.

Jumanne alimlaumu Bi Harusi. Jumatano akamlaumu Kiziwi. Asubuhi hii amefika kwa Mbishi, na Mbishi naye amekohoa na kunyamaza.

Hatua zinasikika kwenye ngazi. Ni yule binti, ameomba ruhusa ofisini, viatu vya kazini miguuni na kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Anawasalimia wazee, shikamoo huku na shikamoo kule, kisha anainama mezani.

"Mama, umeanza na nini?"

"Nimeanza na Mungu. Halafu Bi Harusi, halafu Kiziwi, sasa Mbishi. Wote wamenigeuka. Kompyuta yako hii ina kiburi, mwanangu."

"Kompyuta haina kiburi, Mama. Umeifungua programu kama mwenye mamlaka juu ya kompyuta?"

"Nimeifungua kama mwenye nyumba, mwenye kiwanja na mwenye mtaa."

"Basi jibu la Kiziwi lilikuwaje?"

"Amri haifahamiki."

"Na la Bi Harusi?"

"Hilohilo."

Binti anakunja uso. Deki tatu, za viwanda vitatu, za umri tofauti, zinakataa kwa neno lilelile? Anamtazama mama yake. "Muulize jina."

"Nani?"

"Mbishi. Kuna amri ya kumuuliza deki ni nani. Mtume hiyo."

"Namjua Mbishi kabla wewe hujaota meno."

"Muulize tu, Mama."

Mama Deki anatuma amri. Kwa kawaida deki ikiulizwa hivyo hutaja kiwanda chake na toleo lake, bila kuficha. Jibu linatokea kwenye kioo. Mama Deki anasogeza miwani, anasoma, anaivua, anaifuta, anaivaa tena. Jina lililotajwa silo la Mbishi. Anamtoa Mbishi, anamweka Kiziwi, anauliza. Jina ni lilelile. Anamweka Bi Harusi. Lilelile.

"Ni jina la kijisanduku," anasema binti taratibu. "Kinajibu chenyewe. Amri za kawaida kinazipeleka kwa deki, ila zile zako za uchochoroni hakizijui, kwa hiyo hakizipeleki. Kinakujibu kutoka kichwani mwake."

Mkewe Emsii anamtazama mumewe. Mumewe anainua mabega. Kisha Mama Deki anaanza kucheka, kicheko kinachoanzia tumboni na kumtikisa mabega, mpaka anashika meza.

"Kumbe tangu Jumanne nawatukana wanangu bure! Barua zangu zinaishia kwa bawabu!"

"Na mimi ndiye niliyekinunua hicho kijisanduku," anasema binti.

"Najua. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Emsii anageuza simu yake: SASA HARUSI IPO AU HAIPO?

"Ipo, baba," anajibu Mama Deki, na tayari ameshamkumbatia Mbishi kifuani. "Ila tunahama. Shukeni ngazi polepole."

Kinachotakiwa ni kompyuta ya kizamani, yenye tumbo, ambayo deki huunganishwa ndani kwa waya wake yenyewe bila msemaji katikati. Iko moja tu karibu, chini kabisa, kwenye kaunta ya duka la fotokopi, ikiwa na vumbi mgongoni. Mwenye duka anaona msafara unaingia: mwanamke na deki, msichana na bisibisi, mzee wa skafu, mama wa mkoba. Anainua mikono.

"Hapana, jirani. Hapana. Nina foleni hapa!"

"Foleni yako itanishukuru, jirani. Fungua ubavu wa kompyuta."

"Mara ya mwisho uliniambia dakika tano, nikarudishiwa kompyuta saa kumi na moja jioni."

"Ile ilikuwa ya mahafali. Hii ni ya Emsii."

Mwenye duka anageuka, anamwona mzee, na mikono inashuka. Emsii ndiye aliyefungua harusi yake pia. Anazunguka kaunta, anachomoa waya wa umeme na kutoa ubavu wa kompyuta yeye mwenyewe, vumbi likamrukia mdomoni.

Mbishi anaunganishwa. Programu inaingizwa kutoka kwenye flashi. Kabla ya kumruhusu mtu kuisemesha deki moja kwa moja, mfumo unadai neno la siri la mwenye kompyuta. Mwenye duka anawaamuru wote watazame ukutani, wateja wa foleni pamoja, naye analiandika kwa kidole kimoja huku akilitamka kwa sauti.

"Muulize jina kwanza," anasema binti.

Mama Deki anauliza. Anayejibu, safari hii, ni Mbishi mwenyewe.

Amri ya kwanza inakwenda. Mbishi anakoroma, anakohoa, anakohoa tena. Mama Deki analaza sikio. Hakuna mtu anayedai fotokopi yake. Kisha mkoromo unatulia na kuwa mvumo mwembamba, na kwenye kioo mstari wa kijani unaanza kutambaa, mdogo, kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Anasoma," ananong'ona binti.

"Kwani nilisema nini Jumatatu?" anajibu Mama Deki, lakini vidole vyake vimeshika ukingo wa kaunta.

Hawaanzi kusikiliza upesi. Sheria ya Mama Deki ni kwamba diski ya namna hii husomwa mara moja na kunakiliwa yote kwanza, kwa sababu hakuna anayejua kama itakubali mara ya pili. Wateja wanahudumiwa, wengine hawaondoki. Chai inaagizwa. Mahali pawili mstari unasimama, na mahali pote pawili Mama Deki anampunguzia Mbishi kasi na kumwambia maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Mstari unafika mwisho.

Mwenye duka anasogeza spika zake karibu na Emsii. Mama Deki anabonyeza.

Unasikika mgongano wa viti. Mluzi wa kipaza sauti. Mtu anakohoa. Kisha inatoka sauti nene, yenye joto, ya mtu asiyejua kwamba tayari anarekodiwa.

"Wewe bwana kamera, hujawasha? Subiri basi. Kabla sijaanza, jamani, nani amemwona mke wangu? Huyu mama tangu asubuhi yuko jikoni anahangaikia watu. Amekula? Nawauliza, amekula? Sianzi mpaka aletewe sahani."

Duka zima limesimama. Mwanamke mwenye mkoba amefunika mdomo kwa mkono wote. Sauti inaendelea kuuliza, inatania wapishi, inadai jibu. Anashusha mkono.

"Nilikula," anaiambia spika. "Nilikula, baba watoto."

Emsii haandiki chochote kwenye simu. Amemshika mkewe kiwiko, midomo yake inatembea sambamba na ile sauti, neno kwa neno, na inapofika "Mabibi na mabwana" ananyoosha mgongo kama aliyeitwa jina. Foleni nzima ikanyamaza, na mashine ya fotokopi nayo, ingawa mwenye duka anadai yeye ndiye aliyeizima.

Mchana binti anarudi ofisini na kazi moja ya ziada: kukata kile kipande na kukisafisha mluzi. Je, maneno ya kumuulizia mke yaondolewe, harusi ianze rasmi? Emsii anaandika jibu kwa herufi kubwa kuliko zote za siku hiyo: YAACHENI. NDIYO UFUNGUZI.

Mama Deki amealikwa Jumamosi na ameshachagua gauni. Lakini mawazo yake yameanza kutangulia. Anataka kompyuta tatu za tumbo, za kizamani, ambazo ofisi zinazitupa, ili kila deki iwe na waya wake na asitegemee tena hisani ya jirani. Bintiye ameahidi kuzitafuta, na safari hii, wamekubaliana, atampigia mama simu kabla ya kununua chochote. Mwenye duka la fotokopi, aliyekuwa akilalamika asubuhi, jioni ameuliza kama biashara hiyo inakaribisha mbia.

Akishazipata, hatakaa tena ghorofani kungoja watu wapande. Anataka kupita nyumba hadi nyumba, avute madroo, afungue masanduku ya chini ya vitanda, na kuomba kila diski iliyoambiwa ni tupu.

"Wako wengi humo ndani," anasema, akipanda ngazi na Mbishi kwapani. "Babu za watu, walimu, watoto ambao sasa ni wazee, wote wanaongea na hakuna anayewasikia. Mpango wangu ni kuwatoa wote mtaa huu, kisha nihamie unaofuata. Na msiniulize nitapumzika lini. Kwani kazi hii si naifanya huku namenya chungwa?"